Ubao Ulioandikwa BADO

Akello, ambaye sasa anakalia kiti changu, aliniletea daftari lenye jalada gumu akasema, "Mwalimu, andika. Usituandikie ulipandishwa cheo lini. Andika vitu ambavyo hatutavikuta kwenye faili." Ombi lake lilinipunguzia kazi, maana habari za vyeo vyangu zingetosha nyuma ya bahasha. Nimemshukuru Mungu kwa umri na macho, nimechonga penseli, na haya ndiyo ninayoyakumbuka.

Mimi ni mtu wa Kibuli, kilima cha Waislamu katika mji wetu. Babu yangu aliletwa nchi hii akiwa na bunduki ambayo haikuwa yake, na baba yangu alipiga klarineti katika bendi ya polisi. Nyumbani tuliongea Kinubi na mama na Kiswahili na baba, kwa sababu amri zote za bendi zilikuwa kwa Kiswahili, naye hakuona haja ya kubadili lugha alipofika mlangoni kwake. Mpaka leo nikisikia mtu akisema "geuka" nasikia ngoma nyuma yake.

Aliyenifundisha Kurani ni Maalim Abdalla, mtu mwembamba aliyeweza kusikia kosa la herufi moja akiwa chumba cha pili, anakunywa uji. Alitufundisha kusikiliza kabla ya kusoma. Alisoma aya, sisi tumefumba macho, akaisoma tena, mara ya tatu ndipo tukaruhusiwa kufungua mdomo. Aliyefungua mapema alirudishwa mwanzo. Sijakutana na mbinu bora kuliko hiyo katika chuo kikuu chochote, na nimekaa katika viwili.

Nilipopata nafasi ya kusomea muziki nilikwenda kumuaga. Nilikuwa na hofu.

"Muziki upi?" akauliza.

"Wa fidla na piano, Maalim. Wa Ulaya, wa zamani."

"Una maneno?"

"Mwingi hauna."

Akafikiri. "Basi angalau hauwezi kusema uongo." Akaongeza, "Mimi sina fatwa ya fidla, Marjan. Nina sharti moja. Swala isije ikakusubiri wewe kwa ajili ya fidla. Fidla ndiyo ikusubiri."

Nikakubali. Nilikuwa kijana, na sharti lilionekana jepesi.

Siku yangu ya kwanza kazini, katika idara ya muziki, nilipewa chumba kilichokuwa stoo ya santuri na barua ya mstari mmoja iliyosema kwamba kazi yangu ni kuupeleka muziki huo kwa umma. Nilimuuliza mkuu wa idara umma uko wapi. Alitazama dirishani kana kwamba huenda unapita, kisha akasema nianzie soko la Owino.

Nikaenda Owino na mashine ya santuri, betri ya gari, na spika mbili zilizofungwa kwa kamba. Nilipata nafasi ya meza moja kati ya wauza vifungo na wauza mashuka ya mitumba. Kabla sijaunganisha waya wa pili watu walikwisha kukusanyika.

"Unauza redio, ssebo?"

"Siuzi."

"Unahubiri?"

"Sihubiri."

"Basi unataka kura."

Nilipoweka santuri wengi walitawanyika, wakiwa wamehakikisha kwamba hapana cha kununua, cha kuokoka wala cha kupigia kura. Aliyebaki ni mwanamke wa meza ya jirani, Hajat Sauda, muuza vifungo na zipu, ambaye alibaki kwa sababu meza ilikuwa yake na hakuwa na pa kwenda. Ilikuwa sehemu ya polepole ya kwarteti, kazi ya vyombo vinne vya nyuzi. Alisikiliza huku akipanga vifungo kwa rangi.

"Mwalimu, huyu anayepiga ana msiba?"

"Hapana, Hajat. Anapiga kama ilivyoandikwa."

"Basi mwandishi ndiye alikuwa na msiba."

Nilikuwa nimesoma vitabu vitatu juu ya mtunzi yule, na vyote vilichukua kurasa nyingi kufika hapo. Kisha akasema neno lililoamua maisha yangu ya kazi, ingawa yeye alikuwa anatafuta tu kifungo kilichoanguka. "Rudisha pale alipovuta pumzi." Nikarudisha sindano. Akasikiliza tena, safari hii mikono imetulia.

Kwa hiyo, ninyi vijana, mkiandika ripoti zenu kwamba watu wa kawaida hawawezi muziki huu, kwanza hakikisheni mmerudisha sindano.

Mwalimu wangu wa pili alikuwa Mama Eseza, mpiga kinanda wa kanisa moja la Kiprotestanti ng'ambo ya bonde. Idara haikuwa na piano inayofaa. Yeye alikuwa nayo, na ufunguo wa mlango pia. Aliniambia, "Wewe ni Mwislamu, njoo Jumatatu. Jumatatu Mungu hana wageni hapa." Nilikwenda Jumatatu kwa miaka mingi. Adhana ikisikika kutoka Kibuli alifunga kifuniko cha piano mwenyewe, akanionyesha kona safi nyuma ya viti vya wanakwaya, akakaa akisuka mpaka nimalize.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba piano katika mji wetu hufa kwa unyevu, na kwamba dawa yake ni balbu ndogo iwashwayo ndani ya tumbo lake usiku na mchana. Alinifundisha kukaza nyuzi, kutambua mlio wa waya unaokaribia kukatika, na kutazama kwanza kama kuna panya kabla ya kulaumu mtengenezaji. Tulikuta kiota mara mbili. Mara ya pili kilikuwa kimejengwa kwa karatasi za nyimbo za Krismasi, naye akasema angalau wanasoma.

Lakini ukali wake wote aliuweka kwenye alama za kurudia. Mnazijua: mistari miwili na nukta mbili, maana yake rudi ulipoanzia upige tena. Wapigaji wengi huziruka, hasa wakiwa na njaa. Mama Eseza hakuruhusu. "Mtunzi akisema rudia, rudia. Hakukuuliza kama umechoka." Sauti ilikuwa ya Maalim Abdalla kabisa, isipokuwa kofia. Nami niliwafundisha hivyo wanafunzi wangu wote. Hakuna aliyewahi kuruka marudio mbele yangu, na kwa kweli nilikuwa nimesahau kwamba jambo hilo linawezekana. Likumbukeni hili. Litarudi.

Baada ya miaka ya Owino, na ya wodi za hospitali, na ya mabweni ya shule ambako tulikaribishwa kwa furaha kwa sababu tulikatiza hesabu, tulipewa jumba la jamii mara moja kwa mwezi, Jumapili saa kumi alasiri, bila kiingilio. Wapigaji walikuwa wanne: fidla mbili, viola, na selo ya Akello, wakati huo akiwa amemaliza masomo kwangu juzijuzi na bado ananiogopa.

Onyesho la kwanza liliharibika kwa adabu njema. Kwarteti huwa na sehemu nne, na kati yake kuna kimya kifupi. Sehemu ya kwanza ilipokwisha watu walipiga makofi kwa moyo, wakasimama, wakashukuru, wakaenda nyumbani. Waliona si vizuri kukaa kwa mtu baada ya shughuli kwisha. Sehemu ya pili, ambayo ndiyo nzuri, ilipigiwa migongo. Hajat Sauda peke yake ndiye aliyebaki, kwa kuwa alinijua, na alikuwa akiwafokea wanaotoka: "Rudini! Huyu huwa hamalizi mapema!"

Kesho yake nilikwenda Katwe kwa fundi seremala. Nikamwomba ubao wa urefu wa mkono mmoja, upande mmoja uandikwe BADO, upande wa pili SASA.

"Bado nini?" akauliza.

"Bado tu."

"Ni duka?"

"Si duka."

"Mzee, mtu akisoma 'bado' atataka kujua bado nini. Niongeze neno. Bado kidogo? Bado tunajenga?"

"Andika BADO, mwanangu."

Aliandika, kwa rangi nyekundu, na akanisikitikia.

Ubao ule ulifanya kazi kuliko shahada zangu. Nilisimama pembeni ya jukwaa nikiwa nimeushika, BADO ikielekea watu. Sehemu moja ikiisha, hakuna aliyegusa kiganja. Zote nne zikiisha niligeuza, SASA, na jumba zima likalipuka. Watu walianza kuupenda. Watoto waliletwa kuuona. Baada ya mwaka mmoja waliokuwa wakija kila mara walikuwa wameshika adabu kuliko ukumbi wowote niliowahi kukaa, na mgeni akithubutu kupiga makofi kabla ya wakati alipigiwa "sss" na safu nzima. Nilijivuna kidogo. Nilistaghfiru, kisha nikajivuna tena.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Mwenyekiti mpya wa kamati ya jumba alikuwa mzee mmoja baba wa mapacha, na kwa hiyo kila mtu alimwita Ssalongo. Aliniita ofisini. Alikuwa muungwana, hakunificha kitu.

"Mwalimu, kuna watu wa harusi wanazitaka Jumapili zako. Zote."

"Ssalongo, wana Jumamosi."

"Jumamosi imejaa mpaka Krismasi. Nisikilize. Harusi ikiwa humu, mimi nikiwa nyumbani kwangu nasikia vigelegele. Najua watu wamefurahi. Jumapili yako nasikia nini? Sisikii kitu. Mlinzi aliniambia alidhani ni mtihani."

"Wanasikiliza."

"Sawa. Mwezi huu nitakuja mwenyewe. Nikisikia kwa masikio yangu kwamba watu wamefurahi, nitakutetea mbele ya kamati. Nisiposikia, usinilaumu."

Niliwaeleza wapigaji. Akello alikwenda kubadilisha nyuzi za selo kabla ya wakati wake, jambo ambalo ndilo kilio chake. Nilimweleza pia Hajat Sauda, kwa sababu ukimweleza Hajat umeieleza Owino. Tukikosa jumba lile hatukuwa na lingine. Piano ambayo idara ilikwisha kuipata ilikuwa mle, na balbu yake, na wale watu waliokwisha kujifunza kukaa.

Siku ilipofika watu walijaa mpaka dirishani. Saa kumi kamili tulikuwa tayari. Lakini mwenyekiti amekuja, na mwenyekiti akija kuna utaratibu. Mshereheshaji akatambua makamu mwenyekiti, mweka hazina, wajumbe, wajumbe wa zamani, na mjane wa mjumbe wa zamani. Kila aliyetambuliwa alisimama, akapunga mkono, akasema hatasema mengi, akasema. Ssalongo mwenyewe alizungumzia tangi jipya la maji kuanzia msingi wake. Fidla ya kwanza ilipoanza jua lilikuwa limeshuka nyuma ya kilima cha Mengo. Katikati ya sehemu ya pili umeme ukakatika. Hakuna aliyeshtuka; wapigaji walisogeza viti karibu na madirisha wakaendelea.

Ndipo ikaadhiniwa Magharibi.

Naomba mnifuate hesabu yangu, maana kwa karatasi haikuwa na kosa. Ningeweza kungoja onyesho liishe ndipo niswali. Lakini likiisha kungekuwa na neno la shukrani, na aliyepangwa kulitoa ni Ssalongo. Kwa jinsi alivyolieleza tangi, Isha ingenikuta nimesimama pale nikitabasamu. Na nilikuwa nimemwahidi Maalim Abdalla, Mungu amrehemu. Sehemu ya tatu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Sehemu ya tatu na marudio yake, sehemu ya nne na marudio yake, jumla dakika kumi na nne. Udhu nilikuwa nao. Rakaa tatu nyuma ya jukwaa, kwenye stoo ya viti vya plastiki, na kurudi, dakika nane. Nina ziada ya dakika sita.

Nikausimamisha ubao juu ya kishikio cha karatasi za muziki, BADO ikielekea watu. Sikumwambia mtu. Hili ndilo kosa langu, na nalitaja waziwazi. Niliona kwamba mtu mzima kutangaza katikati ya kazi kwamba anakwenda kuswali ni riya, yaani kujionyesha. Nikanyata kama mwizi wa kuku.

Nilikuwa rakaa ya pili niliposikia kupitia ukutani mwisho wa sehemu ya nne. Nilifikiri masikio yamenidanganya. Kisha nikasikia kimya.

Mliosoma fikihi mnajua kwamba swala haikatizwi kwa sababu ya kwarteti. Nikasimama kwa rakaa ya tatu. Sitasema moyo wangu ulikuwa wapi; Mwenye kujua alijua. Rakaa ile niliisoma kama dereva wa bodaboda anayeona taa inageuka.

Yaliyotokea ukumbini niliyapata baadaye kwa Akello na kwa Hajat Sauda, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao maelezo yao yalifanana.

Wapigaji walimaliza, wakashusha pinde. Giza lilikuwa limeingia. Waliona mistari ya vichwa tu. Hakuna aliyepiga makofi. Akello alitazama pembeni kunitafuta, akaona ubao bila mtu. Ssalongo, safu ya kwanza, aligeuka kulia, akageuka kushoto. Kisha akamwinamia Hajat Sauda aliyekuwa nyuma yake.

"Nnyabo, imekwisha?"

"Imekwisha."

"Ni mbaya?"

"Mbaya? Ssalongo, wewe una masikio? Hawajawahi kupiga hivi."

"Basi mbona hampigi makofi?"

"Bado."

"Bado nini?"

"Bado Mwalimu hajageuza."

"Mwalimu yuko wapi?"

"Sijui. Magharibi hii, na yeye ni mtu wa Kibuli. Wewe unadhani yuko wapi?"

Ssalongo, kwa kuwa ni mtu mwenye madaraka, akaamua kuanzisha. Alipiga kofi moja. Jumba zima likasema "sss." Hajat alimshika kifundo cha mkono. "Ssebo! Soma ubao."

Mwenyekiti wa kamati ya jumba akaweka mikono magotini.

Nilipochungulia kutoka stoo nikawakuta hivyo: watu wote wamekaa gizani, bila kunong'ona, bila simu, hata watoto. Juu ya bati korongo wa dampo walikuwa wanatembea, na kila hatua ilisikika. Nilitembea mpaka kwenye ubao. Naapa kwamba viatu vyangu havijawahi kulia vile. Nikageuza.

Sijui makofi yale yalichukua muda gani. Najua kwamba yalianza tena mara mbili baada ya kwisha, na kwamba wauza vifungo walipiga vigelegele ambavyo haviruhusiwi katika onyesho la namna hiyo, nami sikuwa na ubao wa kukataza vigelegele. Akello alikuwa analia huku amekasirika.

"Mwalimu, ulikuwa wapi?"

"Ninyi mmemaliza vipi mapema? Mmeruka marudio!"

"Giza, Mwalimu! Zile nukta hatukuziona!"

Katika miaka yote ile Mama Eseza hakuwahi kunifundisha la kufanya nukta zikipotea.

Ssalongo alisimama kutoa neno la shukrani. Watu wakajiweka sawa vitini kama wanaojiandaa kwa safari. Alitazama ubao, akasema, "Mimi nimekaa katika kamati ya jumba hili tangu linajengwa. Sijawahi kulisikia likiwa kimya na watu ndani." Akasita, nadhani akitafuta tangi, asilione. "Asanteni." Akaketi.

Nje, wakati watu wanatafuta viatu vya watoto kwa tochi za simu, alinishika mkono.

"Mwalimu, kama wangepiga makofi mara moja ningesema wamefundishwa. Lakini watu wa mji huu kukaa gizani bila kuondoka? Wakimngoja mtu?"

"Ni wavumilivu."

"Si wavumilivu. Nawajua, nimejaribu kuwahutubia." Akashusha sauti. "Jumapili ni yako. Harusi watatafuta pengine. Ila nina ombi. Ule ubao, unaweza kuniazima kwa mkutano wa kamati?"

Nilimwazima. Ulirudi baada ya wiki mbili, ukiwa na ufa pembeni ambao hakuna mjumbe aliyenieleza asili yake. Ufa huo bado upo. Msiuzibe.

Nilistaafu mwezi uliopita. Alhamdulillahi, Jumapili zetu zipo, piano ni kavu, na Hajat Sauda, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, ana kiti chake safu ya pili ambacho hakuna aliyeandika jina juu yake na hakuna anayekikalia. Nilipokuwa nikimkabidhi Akello vitu vya ofisi nilimpa ufunguo wa kukaza nyuzi wa Mama Eseza, balbu tatu za akiba, na ubao. Aliuliza kama kuna la ziada anapaswa kujua juu ya ubao.

Yapo mawili. La kwanza: ukipiga hesabu ya muda, piga bila marudio. La pili linamhusu Kipindi, kijana wetu mpya wa viola, ambaye ni wa Kibuli kama mimi na ambaye nimemwona akinyata kuelekea stoo ya viti. Mwambie kwamba ukienda kuswali, unamwambia mtu. Hiyo si riya. Hiyo ni ratiba.